Mrushaji wa Chumba cha Mbele

Rimoti ilikuwa na joto. Si joto la kuunguza, ni ule uvuguvugu wa kitu kilichoshikwa muda mrefu kikawekwa chini sasa hivi. Kitinda aliigusa akiwa anafuta vumbi mezani, akaurudisha mkono haraka. Alitazama dirisha, jua lilikuwa halijafika upande ule. Alitazama televisheni, ilikuwa imezimwa.

"Mama, ulikuwa unachezea mashine ya Baba?"

Jikoni Mama alicheka kidogo. "Mimi? Nijue hata pa kuishika?"

Ilikuwa rimoti ya mashine ya gemu, ya pili, ile ya Baba. Na Baba walikuwa wamemzika kabla ya mvua.

Alikuwa dereva wa rola, lile gari zito la kushindilia barabara. Ni kazi ya kwenda polepole, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa polepole, hata wenzake wakamwita Taratibu. Jumapili alicheza kriketi na timu ya kazini, na huko nako alikuwa mrushaji wa mipira ya polepole. Mpira wake ulitoka mkononi kama umechoka, ukigusa ardhi unakata kona, na mpigaji aliyekwisha kuinua gongo lake kwa mbwembwe anasikia tu vijiti vitatu vikianguka nyuma yake. Baba alikuwa hashangilii. Alikuwa anakohoa kikohozi kifupi, kama mtu anayebisha hodi, kisha anarudi mahali pake.

Kiharusi kilipomchukua upande mzima wa kushoto, chumba cha mbele kikawa chumba chake. Kaka, mtoto wa kwanza, fundi wa kuchomelea aliyekuwa akikaa upande wa pili wa mji, akamletea mashine yenye gemu ya kriketi. Kurusha mpira kulihitaji kidole gumba tu, na kidole gumba cha kulia Baba alikuwa nacho. Kilichokosekana ni mpigaji. Mama alisema macho yake hayawezi. Akabaki Kitinda, binti wa mwisho, ambaye hata jina lake la kuzaliwa watu wa nyumba ile walikuwa wameshalisahau.

Kitinda alikuwa fundi wa duka la miwani. Alisaga vioo kutwa nzima na mkono wake haukutikisika, lakini akishika ile rimoti alikuwa kichekesho. Kwenye kioo cha televisheni mpira ukirushwa hutangulia kiduara cheupe kinachoonyesha utakapotua. Kitinda alikuwa anakikodolea macho kiduara, anabonyeza mapema, gongo linapita hewani, vijiti chini. Baba alicheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado wake.

"Unapiga kama unafukuza nzi," alimwambia, maneno yakitoka mazito. "Usitazame mpira. Tazama mkono unaoutoa."

Hakujifunza. Baba aliondoka bila kumwona mwanawe akiupiga hata mmoja vizuri. Kaka alipotaka kuichukua ile mashine baada ya matanga, Kitinda alimwomba aiache.

Siku ile ya rimoti yenye joto, umeme ulikatika mchana, ukarudi jua likielekea kuzama. Ulipowaka, televisheni ya chumba cha mbele iliwaka nao. Kitinda alitoka chumbani kwake akakuta uwanja wa kijani umetandazwa kwenye kioo, vijiti vimesimamishwa, na mrushaji amesimama mwisho wa njia na mpira mkononi, akisubiri.

Alitaka kuizima. Akiwa anainama kwenye waya ndipo aliposikia harufu: ile dawa ya kuchua, kali, ya majani na mafuta, waliyokuwa wakimpaka Baba mguu uliokufa. Chupa yake ya mwisho aliitupa kwa mkono wake mwenyewe. Na kutoka pale kitandani palipobaki godoro tupu, karibu sana, akasikia kikohozi kifupi.

Mtu mwingine angekimbia. Kitinda alikaa chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshashika rimoti. Mrushaji akaja, taratibu, mpira ukatoka mkononi kama umechoka. Kitinda akaupiga hovyo. Ukagonga ukingo wa gongo ukaanguka karibu. Kikohozi kikaja tena, na safari hii kilikuwa na kicheko ndani yake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umelainika kama uso wa mtu aliyeona kivuli baada ya safari ya jua kali.

"Unaisikia?" Kitinda alinong'ona.

"Cheza, mwanangu," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Usimkatishe."

Zikafuata jioni tamu, na utamu huo ndio uliowaharibia. Kitinda akitoka dukani alikuwa hapiti popote. Mama naye alianza kupika huku anaimba, akaanza kuchana nywele zake, akatoa kwenye sanduku kanga ambayo Baba aliipenda. Wote wawili waliongea kwa kunong'ona, kama watu wenye mtoto mchanga aliyelala. Kaka alipopiga simu hawakumwambia. Wangemwambia nini?

Kisha mpira mmoja ukampita.

Kitinda aliuona ukipita chini ya gongo lake, ukapenya kati ya vijiti bila kuviangusha, ukatoka kwenye ukingo wa kioo. Nyuma ya ukuta, jikoni, kitu kikapiga tup, kama ngumi kwenye mto, na sufuria ikaanguka.

Alimkuta Mama ameushika mkono wake karibu na kiwiko. Alipokibandua kiganja cha Mama, aliona alama ya duara, nyekundu iliyoanza kuwa ya zambarau, na katikati yake mstari wa vinundu vidogo vidogo, kama mshono wa mpira wa ngozi.

"Nimejigonga kwenye kabati," Mama akasema.

"Kabati lina mshono?"

Mama akashusha mkono wa gauni. "Chakula kinapoa."

Kesho yake alimkuta Mama anachechemea. Alama ya pili ilikuwa pajani. Ndipo Kitinda alipozima mashine, akachomoa waya zote, akazifunga kwenye mfuko, akaupandisha juu ya kabati la nguo. Alidhani amemaliza. Jioni ile, wakiwa wanakula, walisikia kwenye ukumbi wa nyumba yao miguu inakimbia. Ilianzia mlango wa nyuma, ikaja, ikaja, ikiongeza kasi, na ilipofika mlangoni pao ikakanyaga kwa nguvu mara moja, kisha kimya, na katika kimya hicho Mama akajikunja juu ya sahani yake kama aliyepigwa teke la mbavuni, akakaa hivyo kwa muda mrefu bila kupumua, huku harufu ya ile dawa ya kuchua ikijaa chumba kizima mpaka machozi yakawatoka.

Asubuhi Kitinda aliushusha ule mfuko akaunganisha waya zote upya. Alikuwa ameelewa. Kuzima mashine hakukumzuia mrushaji kurusha. Kulimwondoa mpigaji tu.

Basi alijifunza. Alijifunza kama watu wanavyojifunza kuogelea baada ya mtumbwi kupinduka. Aliacha kukitazama kile kiduara cheupe, maana kilikuwa kimeanza kumdanganya, kinaonyesha huku mpira unatua kule. Alitazama mkono, kama alivyoambiwa. Aligundua kwamba kabla ya mpira unaokata kushoto kidole cha mrushaji kinajitenga kidogo na vingine, na kabla ya ule unaoruka juu bega linashuka. Mpira wa karibu aliufuata kwa kupeleka mbele mguu wa mpigaji wake kwenye kioo. Mfupi unaorukia kifua aliungoja kwa mguu nyuma, akauacha uje, uje, mpaka karibu kabisa, ndipo akabonyeza kwa wepesi, kama anavyogusa kioo cha miwani kwenye jiwe la kusagia. Kubonyeza kwa nguvu hakukusaidia kitu. Kusubiri ndiko kulikosaidia. Mipira ikaanza kwenda ukingoni mwa uwanja, ikibiringika juu ya majani ya kijani, na sauti ya gongo ikawa safi, ile sauti ambayo Baba angeifurahia kuliko wimbo. Kila aliposikia sauti hiyo alitamani Baba awepo, kisha akakumbuka kinachomrushia mpira.

Kadiri alivyopiga vizuri ndivyo yule naye alivyoongeza kasi. Na Baba hakuwahi kurusha mpira wa kasi maisha yake yote.

Dukani alianza kusinzia juu ya jiwe. Mwenye duka, mtu wa masihara, akamuuliza kama ameolewa kwa siri. Kitinda alijaribu kucheka, akajikuta analia. Yule mwenye duka akampa anwani ya mwanamke mmoja ambaye zamani alikuwa mkunga, na ambaye siku hizi watu walimwita kwa mambo mengine.

Mkunga alikuja mchana, mnene, amevaa viatu vya raba, akihema kwa sababu ya ngazi. Aliomba maji ya kunywa kwanza. Kisha aliingia chumba cha mbele, akakaa kwenye godoro la Baba, akakaa tu. Baada ya muda nywele za mikononi zilimsimama, akainuka taratibu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kama anayemfungia mgonjwa.

"Ni jini," akasema, kwa sauti ndogo. "Wala si la hapa. Limeitwa. Nani aliliita?"

Kitinda alifungua mdomo aseme hakuna. Lakini Mama alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Siku tuliyokunja matandiko yake," Mama akasema, "nilibaki peke yangu humo ndani. Nikasema, yeyote anayenisikia, anirudishie hata kikohozi chake. Nikasema, hata kama si yeye."

Nje muuza vyombo alikuwa anapita na kengele yake, na sauti yake ilikuwa kama inatoka dunia nyingine.

"Siwezi kulifukuza mimi," Mkunga akasema hatimaye. "Nikichukua pesa yenu nitakuwa nawaibia. Aliyelikaribisha ndiye wa kulikana. Ukae mbele yake, mama, ulitazame, uliambie kwa mdomo wako kwamba si mumeo. Hakuna jingine."

"Na likishaondoka?"

"Litaondoka na lilichokuja nacho."

"Lilikuja na nini?" Kitinda akauliza.

Mkunga alitazama ule mlango. "Hapo, mwanangu, sijui. Ningejua ningekuambia."

Mama alimsindikiza mpaka ngazini, akamshukuru kwa heshima zote, akarudi akaendelea kuchambua mchele. Kitinda alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nakuomba."

"Nimelala na yule mtu miaka yote hiyo," Mama akasema bila kuinua macho. "Nyumba hii ilikuwa imenyamaza, Kitinda. Wewe unakwenda kazini. Mimi nabaki na ukuta. Hizi alama zinapona."

"Si yeye."

"Najua si yeye. Lakini linakohoa kama yeye."

Kitinda naye, kila jioni, kabla hofu haijaingia, alikuwa na nukta ndogo ya furaha anaposikia kile kikohozi. Alikuwa akiona haya kuisema.

Jioni ile ilinyesha. Televisheni iliwaka yenyewe, na uwanja uliokuwa kijani ulikuwa umekauka rangi ya mfupa. Kitinda alichukua nafasi yake. Alipiga wa kwanza, akapiga uliofuata, akapiga mingine, mikono yake ikifanya kazi kabla hajawaza, na hakuna hata mmoja uliopita, hakuna kilichogonga ukuta wa jikoni, na alijua kwa uhakika wa fundi kwamba sasa anaweza, kwamba mrushaji yule hata akirusha mpaka alfajiri hatampitishia mpira. Alisikia kupumua. Kulianza kitandani, kukashuka sakafuni, kukaja karibu na goti lake, kupumua kwa kitu chenye njaa kilichonyimwa chakula mlangoni, na harufu ya dawa ya kuchua ikageuka, chini yake ikafunuka harufu nyingine ya udongo wa mahali pasipofika jua, na kwenye kioo yule mrushaji akaanza kurudi nyuma, akarudi mpaka akawa doa, akarudi mpaka miguu yake ikasikika ukumbini nyuma ya mgongo wa Kitinda badala ya kwenye televisheni, kisha akaanza kukimbia, akija kutoka pande zote mbili kwa pamoja, na Kitinda akautazama mkono kama alivyofundishwa, akautazama mpaka dakika ya mwisho, na mkono ule haukuwa na vidole.

Mpira ulimpiga jichoni.

Mama alisikia mwili ukianguka. Alimkuta Kitinda amelala ubavu, kiganja usoni, damu nyembamba ikipita kati ya vidole. Aliuondoa mkono ule kwa upole, akaona jicho la mwanawe, jicho la kazi, lililovimba likafumba, na pembeni yake ule mshono wa vinundu ukiwa umechapwa kwenye ngozi. Kitandani kitu kilikohoa. Kikohozi kilikuwa kilekile, cha upole kilekile.

Mama alivua kanga yake akamfunika nayo Kitinda. Kisha aliokota rimoti. Aliishika juu chini, kama mtu anayeshika kitabu cha lugha asiyoijua, akakaa mbele ya televisheni.

"Mume wangu," akasema, "hakuwahi kumwinulia mwanangu mkono."

Mrushaji alisimama. Alianza kuja, na sasa alikuja taratibu, kwa ule mwendo wa mtu wa rola, bega moja likitangulia kidogo. Kitinda, kwa jicho moja, aliuona mwendo ule na moyo wake ukapasuka, maana ulikuwa wenyewe kabisa. Mpira ukatoka mkononi kama umechoka. Na kitandani ikatoka sauti, si kikohozi tena, ni sauti nzima ya Baba kabla ya kiharusi, sauti safi waliyokuwa hawajaisikia kwa muda mrefu, ikamwita Mama kwa lile jina alilomwita wakiwa wawili.

Mama hakubonyeza kitu.

"Mume wangu alikufa," akasema. "Nilimfumba macho mimi. Wewe sikujui. Toka nyumbani kwangu."

Kikapiga tup, kifuani. Mama akainama mbele, rimoti ikamtoka mikononi. Sauti ikaita tena lile jina, chini zaidi, ikibembeleza. Akasema tena, "Sikujui," na alikuwa analia kwa nguvu kiasi kwamba neno lilitoka vipande vipande, lakini lilitoka. Ile sauti ikaanza jina kwa mara nyingine na haikulimaliza. Televisheni ikawa nyeusi. Mvua ikasikika juu ya paa, mvua ya kawaida, na chumba kilinuka vumbi na godoro la zamani tu.

Walikaa sakafuni wameshikana mpaka kulipopambazuka. Mama alimpigia Kaka simu, naye alipofika aliwakuta hapohapo. Alimpeleka Kitinda hospitali, na daktari akasema jicho litapona ila halitakuwa kama zamani. Dukani walimhamishia mbele, kwenye kupima na kuuza, kwa sababu usagaji unataka macho mawili mazima. Kaka aliichukua ile mashine akaigawa. Alama za Mama zilififia moja moja, ya kifuani ikawa ya mwisho.

Ilikuwa mchana mmoja wa utulivu, wakiwa wanaanika nguo, Mama aliposimama na shuka mkononi.

"Kitinda, Baba yako alikuwa na sauti nzito au nyembamba?"

Kitinda akafungua mdomo amjibu. Aliuona uso wa Baba. Aliona mdomo ukicheka kwa upande mmoja, aliyajua maneno, la nzi na la mkono. Aliyasikiliza. Mdomo ulisogea na hakuna kilichotoka.

Walimpigia Kaka simu. Yeye hakuwa amelala kwenye nyumba ile siku zile, na alikuwa anakumbuka. Alisema ilikuwa nzito kiasi, yenye mikwaruzo, kwamba Baba alikuwa anavuta maneno mwishoni. Alijaribu kuiga, akasema hawezi vizuri. Mama aliiweka simu katikati yao, juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayesimuliwa habari za marehemu wa jirani.

"Endelea, mwanangu," akasema Kaka aliponyamaza. "Na akicheka je, alikuwa anachekaje?"